Tuhakiki Tuyasomayo



Vijana wetu husoma vitabu vya maisha ya wanamuziki, vilivyoandikwa bila idhini ya wahusika. Tuchukue kundi la Queen la Uingereza. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa wazazi wa Kiparsi, kwa jina la Farrokh Bulsara. Alifariki mwaka 1991. Vitabu vingi vikafuata, naye hawezi kujibu.

Sisi wa Ujiji tuna mfano wetu. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa mjini. Salamu inayokaririwa duniani kote tumeipata kwa Stanley mwenyewe, na kurasa za tukio lile katika shajara yake zimechanwa.

Kukosa idhini si uongo, wala kuwa nayo si ukweli. Basi tuulize: mwandishi aliona, au alisimuliwa? Suratul Hujurat yatuamrisha kuhakiki habari na yatukataza kusengenyana. Suratul Maidah yatutaka tuwe waadilifu hata kwa tunaowachukia. Kutoupenda kwetu muziki ule hakutupi ruhusa ya kutangaza aibu za marehemu.

Wabillahi Tawfiq.