Muda wa Deni Mbele ya Sheria

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyakato, Mwanza)



Tumeombwa kusema machache juu ya madeni. Twajua neno hili lina haya, na huenda aliyeketi kando yetu ndiye mdai wetu. Walakini heri haya ya leo kuliko dalali wa mahakama mlangoni.

Zamani za babu zetu, kwa sheria ya mwaka 1931, asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila hati yenye idhini ya Serikali hakuweza kumdai barazani. Ilisemwa kuwa ni kumlinda Mwafrika, lakini ilimfungia mfanyabiashara wetu mlango wa kupata bidhaa kwa mkopo. Sheria ile imekwisha ondolewa. Ya leo haiulizi kabila, yauliza tarehe.

Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, deni la mapatano lina miaka 6 ya kufunguliwa shauri, tangu siku mdaiwa alipopaswa kulipa asilipe. Ikipita, mahakama hulitupa shauri, hata kama mdaiwa mwenyewe hakutaja muda. (Kama dhamiri nayo ina ukomo, hilo si la karani kulisema.)

Sasa sikilizeni yaliyompata mwenzetu mmoja. Alikopa, akaahidi kulipa mwisho wa Desemba 2018. Mkopeshaji alinyamaza miaka mitano na zaidi. Novemba 2024 akaja kwa upole, akanunua soda, akauliza habari za watoto, kisha akaomba sahihi tu, kwamba deni lajulikana, na shilingi 10,000 za heshima. Mwenzetu alitoa vyote viwili, akaona amejipatia nafasi ya kupumua. Kumbe mwezi mmoja tu ulikuwa umebaki! Kukiri deni kwa maandishi yenye sahihi, au kulipa sehemu yake, kabla muda haujakwisha, huanzisha hesabu upya. Sasa aweza kushtakiwa hata Novemba 2030.

Hatusemi watu wakimbie madeni. Twasema mtu asitie sahihi asichokielewa, hasa sisi ambao kazi yetu ni karatasi.

Mdai akishinda shauri, ana miaka 12 ya kuomba hukumu ikaziwe. Mahakama yaweza kuamuru mali ikamatwe na kuuzwa, au sehemu ya mshahara ikatwe. Pengine hata kifungo cha madai, naye mdai ndiye hulipa posho ya chakula cha mfungwa. Lakini nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko havikamatwi. Basi mkopeshaji anayebeba masufuria ya mke wa mtu bila amri yoyote hakusanyi deni, anapora.

Na hawa waitwao kausha damu, wanaoshika kadi ya benki na namba ya siri ya mtumishi? Tangu sheria ya mwaka 2018 biashara ya kukopesha yataka leseni. Ombeni kuiona kabla ya kupokea fedha, na kadi isitoke mkononi mwenu.

Wengi wetu tu wadai pia. Tuliowakopesha ndugu kwa neno la mdomo, tuandike leo kiasi na tarehe ya kulipa, na ndugu atie sahihi.

Wenye hati za zamani wazilete mkutano ujao, tuzisome tarehe zake pamoja.