Kasoro Isiyosikika: Kukagua Injini ya Ndege Ndogo Kusini mwa Maniema

Ndugu mafundi, marubani, wahudumu wa viwanja, nanyi wakubwa mnaokodi ndege kwa ajili ya hospitali, parokia na biashara,

Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo mvua huigeuza tope. Reli ya Kindu kwenda Kongolo hupita magharibi ya mto Lualaba, kupitia Kibombo na Samba, wala haifiki kwetu Kasongo. Kabambare iko mbali zaidi upande wa mashariki, na huko Namoya na Salamabila dhahabu imevuta ndege kwa miaka mingi. Ndiyo maana kwetu ndege ndogo si anasa. Mama anayehitaji kupasuliwa usiku wa leo hawezi kusubiri barabara ikauke.

Pikipiki ikizimika katikati ya Kasongo na Kabambare, dereva huisukuma mpaka kijiji cha mbele. Cessna yenye injini moja ikizimika juu ya msitu, rubani ana dakika chache tu za kutafuta pa kushukia. Na mara nyingi injini iliyozimika angani asubuhi ile ilinguruma vizuri kabisa ilipowashwa. Masikio ya fundi, hata yawe makali namna gani, hayatoshi.

Nianze na injini za pistoni, Lycoming na Continental zilizo katika Cessna 206 na ndugu zake. Adui wao mkubwa katika Kongo yetu ya unyevunyevu ni kukaa. Katika injini nyingi za Lycoming kamshafti iko juu ya krenkshafti. Ndege ikisimama wiki tatu ikisubiri mteja au mafuta, oili hutiririka chini na chuma cha juu hubaki kikavu. Kutu huanza kama vidoa vidogo kwenye kamshafti na kwenye nyuso za tapeti. Injini ikiwashwa tena, vidoa hivyo hugeuka vishimo, vishimo humenya chuma, na chuma kilichomenyeka huzunguka pamoja na oili. Rubani hasikii kitu. Anachokiona, kama anaandika, ni kwamba injini iliyokuwa ikifikia mizunguko fulani kwa dakika ikifunguliwa nguvu yote ndege ikiwa ardhini, sasa inapungukiwa kidogo, na mwezi ujao inapungukiwa zaidi.

Wengi huamini kwamba kuiwasha injini uwanjani dakika kumi kila wiki ni kuitunza. Mimi naliona jambo hilo kuwa baya kuliko kuiacha. Oili haifikii joto la kutosha kufukuza maji, kwa hiyo kila kuwasha kunaongeza mvuke ndani. Lycoming yenyewe hushauri ndege iruke angalau saa moja mfululizo, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, na mapumziko yasizidi siku 30. Kama ndege haitaruka, itiwe oili ya kuhifadhia na matundu yake yazibwe.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha kupima uvujaji wa silinda. Injini ikiwa bado na joto, pistoni huwekwa juu kabisa, hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba huingizwa kupitia tundu la plagi, na geji ya pili huonyesha kiasi kilichobaki ndani. Mtu mmoja ashike pangaboi kwa nguvu wakati wote, maana hewa hiyo inaweza kulizungusha na kumkata mkono. Baada ya kusoma namba, sikiliza hewa inatokea wapi. Ikivuma kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikivuma kwenye njia ya kuingizia hewa, tatizo ni valvu ya kuingizia. Ikitoka kwenye tundu la kijiti cha oili, pete za pistoni zimechoka. Kwa Lycoming, silinda zinazotofautiana kwa pauni tano hazina shida. Tofauti ya 10 hadi 15 inataka uchunguzi, na kipimo kikishuka chini ya 60 fikirieni kuitoa silinda. Continental wana njia yao: kipimo chao hulinganishwa na tundu maalumu lililosanifiwa, kwa hiyo msichukue namba ya injini moja mkaipa nyingine.

Lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kamshafti, wala hakionyeshi ufa. Silinda inaweza kusoma 76 huku valvu yake ya moshi ikiungua upande mmoja. Hapo ndipo endoskopu inapohitajika, ile kamera nyembamba inayoingizwa kwenye tundu la plagi. Uso wa valvu iliyo salama una rangi zinazozunguka kwa usawa. Inayoungua huonyesha doa la rangi tofauti ukingoni. Kamera za aina hii siku hizi hazina bei ya kutisha, na fundi yeyote anayehudumia kusini mwa Maniema anapaswa kuwa nayo mfukoni.

Kamera hiyo hiyo hufichua dhambi nyingine. Esansi ya ndege aina ya 100LL ni adimu na ghali katika nchi yetu, na kishawishi cha kuchanganya na esansi ya pikipiki ni kikubwa. Katika injini iliyoundwa kwa 100LL, mafuta dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake. Kichwa cha pistoni huonekana kama kimedonolewa, na pete huvunjika. Uhaba huo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wengi kuhamia ndege za turbini zinazotumia mafuta ya taa ya ndege. Hata hayo hufika kwa mapipa, na kila pipa lina maji mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa chujio la oili. Kama ningeruhusiwa kazi moja tu ya ukaguzi katika uwanja usio na karakana, ningechagua hii. Lycoming hutaka oili na chujio vibadilishwe kila saa 50 au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Wengi hubadilisha wakatupa la zamani. Likateni! Tena kwa kikatio chake, si kwa msumeno, maana msumeno huingiza chuma chake mwenyewe. Kunjueni karatasi yote juani, ioshwe kwa mafuta safi, kisha pitisheni sumaku. Kinachonata ni chuma cha kamshafti, tapeti au gia. Kisichonata na king'aacho huenda ni alumini ya pistoni au shaba ya beringi. Kaboni nyeusi husagika kwa kucha. Hiyo si ya kutisha. Kiwekeni kila mlichokipata kwenye mfuko wenye tarehe na saa za injini, ili kiwepo cha kulinganishwa na cha safari ijayo.

Vumbi jekundu la viwanja vyetu nalo lina ushahidi wake. Sampuli ya oili ikipelekwa maabara nje, silikoni ikipanda maana yake hewa inapita pembeni mwa chujio la hewa na mchanga unasaga silinda. Sampuli moja haina maana kubwa. Tatu zinazofuatana zinaonyesha mwelekeo.

Kuna kasoro moja ambayo mara nyingi hufichwa makusudi. Ndege inatua, gurudumu la mbele linaingia shimoni au kwenye kichuguu, na ncha ya pangaboi inagusa udongo. Ncha inanyooshwa kwa nyundo na safari inaendelea. Lakini mshtuko ule umeshapita kwenye krenkshafti mpaka nyuma, kwenye boliti inayoshika gia yake. Mwaka 2004 mamlaka ya anga ya Marekani iliamuru gia na boliti hiyo ikaguliwe katika injini za Lycoming baada ya pangaboi kugonga. Boliti ikikatika, magneto hazizungushwi tena na injini inanyamaza mara moja. Rubani anayeficha kugonga huko anampa abiria wa kesho hatari asiyoijua.

Kwa turbini nitasema kwa ufupi. PT6A, injini ya Cessna Caravan, ni imara, na muda wake wa kawaida kabla ya kufumuliwa ni saa 3,600. Hata hivyo blade za turbini ya kompresa zimewahi kukatika, na mwaka 2014 Marekani ilitoa amri ya kukagua na hatimaye kubadilisha blade za aina ya zamani katika PT6A-114 na 114A. Mwulizeni mwenye ndege ni blade gani zimo ndani. Rubani naye, mara moja kila siku akiwa ametulia angani, aandike toki, mzunguko wa kompresa, joto la katikati ya turbini, mtiririko wa mafuta, urefu na joto la nje. Toki ikiwa ile ile na joto linapanda wiki hadi wiki, kompresa imeliwa na vumbi au sehemu ya moto imechoka. Na kitenganishi cha vumbi kifunguliwe katika viwanja vya udongo, hata kama kinapunguza nguvu kidogo.

Mtaona kwamba karibu kila nilichokitaja kinategemea kuandika. Nchi yetu ina sheria ya usafiri wa anga namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na tuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini mkaguzi hakai Kasongo, wala Kabambare. Tangu 2006 kampuni za ndege zenye leseni ya nchi yetu zimekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, na sababu iliyotolewa ni udhaifu wa usimamizi. Usimamizi huo hautashuka kutoka Kinshasa peke yake.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaolipa. Mkataba wa kukodi usitaje bei na uzito tu. Uweke sharti kwamba mtoa ndege aonyeshe daftari la injini: saa zilizopita tangu ifumuliwe, vipimo vitatu vya mwisho vya silinda au rekodi za joto la turbini, kilichoonekana kwenye chujio la mwisho, siku ndege ilizosimama, na kama pangaboi limewahi kugonga. Hospitali inayodai hayo, pamoja na parokia na mfanyabiashara wa jirani, ina nguvu kwa mtoa huduma kuliko barua yoyote. Fundi naye apewe kwa maandishi haki ya kuizuia ndege bila kupigiwa simu na mwenye mzigo, na ujira wake wa siku hiyo ulipwe hata kama ndege haikuruka.