Mtumwa ni Nani, Mfanyakazi ni Nani?

Mazungumzo na wanakisomo wa Ibadakuli



Juma lililopita tulikuwa na mjadala mkali darasani. Mada ilikuwa hii: Utumwa umekwisha. Mzee mmoja alikubali. Alisema siku hizi kila mtu anafanya kazi kwa hiari yake. Mama mmoja akasimama. Akasema, "Kijana wangu amechimba dhahabu kule Geita miezi minne. Amerudi na kandambili tu. Huo si utumwa, jamani?" Darasa zima likanyamaza.

Leo tunataka kumjibu mama huyo. Tutatumia maswali matatu. Je, mtu alikubali kazi mwenyewe? Je, analipwa kama walivyopatana? Je, anaweza kuondoka? Hebu tuanze na zamani.

Mtumwa hakukubali kazi. Alikamatwa vitani, au alitolewa kwa deni, au alizaliwa utumwani. Hakulipwa, na hakuweza kuondoka. Aliuzwa kama ng'ombe. Karne ya 19 watu wengi walichukuliwa kutoka bara mpaka pwani na Unguja. Kwa nini? Kwa sababu ya uchumi. Mashamba ya karafuu yalitaka mikono mingi, na matajiri hawakutaka kulipa mikono hiyo. Tena tusiwalaumu watu wa mbali peke yao. Hata Unyamwezi, jirani zetu, walikuwako watumwa waliolima mashamba ya wakubwa.

Lakini njia ile ile ya pwani ilipitwa na watu wengine. Hao ni wapagazi. Wanyamwezi na Wasukuma wengi walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Walitembea miezi mingi. Kazi yao ilikuwa ngumu sana, lakini hawakuwa watumwa. Walipatana ujira wa nguo na posho. Wakidhulumiwa, walitua mizigo chini, wakakataa kwenda. Mwenye msafara alilazimika kuzungumza nao. Basi, tumeona jambo la kwanza: ugumu wa kazi siyo utumwa. Utumwa ni kukosa sauti.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja. Huku bara Wajerumani walitawala bila kufuta utumwa kabisa. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilitoka mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Je, baada ya hapo watu wote walikuwa huru? Sivyo. Mwaka 1897 Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba. Mkulima alitakiwa kutafuta fedha, apende asipende. Wakati wa Waingereza kodi iliendelea. Wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Manamba alikubali mkataba, lakini kodi ilikuwa inamsukuma mgongoni. Alilipwa, lakini kidogo. Na akitoroka kabla ya mkataba kwisha, aliweza kufungwa. Huyo si mtumwa, lakini uhuru wake ulikuwa nusu.

Hali hiyo ilibadilikaje? Wafanyakazi waliungana. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli kuingia bara. Makuli wakaongezewa mshahara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Haki hazikuletwa kama zawadi. Zilidaiwa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, alikubali kazi? Ndiyo. Aliahidiwa fedha baada ya mawe kusagwa. Je, alilipwa? Hapana. Aliambiwa chakula alichokula kimemaliza fedha zote. Chakula hicho kiliandikwa katika daftari la mwenye duara, na kijana hajui kusoma. Je, aliweza kuondoka? Aliweza, lakini aliambiwa akiondoka mapema atapoteza kila kitu. Akabaki, siku baada ya siku.

Ndugu, kijana huyu hakununuliwa sokoni. Kwa hiyo mzee wetu ana haki kusema soko lile limefungwa. Lakini mama naye ana haki. Kamba ya siku hizi ni deni na daftari la mtu mmoja.

Sheria inasemaje? Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inakataza kazi ya kulazimishwa. Inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Pakitokea shauri na mwajiri hana maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha mapatano yalikuwaje. Na asidhani kumwita mtu "mwenzangu" kunamwokoa. Sheria inatazama kazi ilivyofanyika.

Madai hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi mikoani. Aliyeachishwa kazi bila haki apeleke ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya mshahara, ni siku 60. Ukichelewa utatakiwa kueleza sababu.

Na sisi tujitazame. Nani anachunga ng'ombe wetu? Nani anapalilia pamba yetu? Yule binti wa kazi jikoni, tulipatana naye nini? Asiyemlipa kibarua wake asilalamike kuhusu Geita.

Mama, kijana wako amerudi wiki tatu zilizopita. Siku bado zipo. Jumamosi mlete hapa darasani. Wewe umehitimu, unajua kuandika. Yeye ataje, wewe uandike: siku ya kuanza, kazi aliyofanya, mapatano, watu walioona. Sisi tutakusaidia kupanga, kisha tutafuatana naye mpaka kwenye Tume.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Mpagazi na manamba walitofautiana nini?
2. Kwa nini deni linaweza kumfunga mtu?
3. Mtu uliyemwajiri wewe, je, mapatano yenu yameandikwa?

Ndugu, kila mfanyakazi awe na daftari lake mwenyewe. Usitie kidole gumba wala sahihi mahali ambapo hujasoma.