Fundi, Usichome Tokeni Bure

Leo twazungumza na mafundi wa kuchomelea vyuma wa Kisumu Ndogo, Malindi: nyinyi mnaotengeneza mageti, madirisha na vitanda, na tokeni za umeme huwaishia kazi ikiwa katikati.

Kwanza, zima mashine unapopima, unapokata au unapopaka rangi. Mashine ya transfoma hula umeme hata isipochomelea. Bandu bandu huisha gogo.

Pili, kagua nyaya na vibano vyake. Kibano kilicholegea au chenye kutu huzuia mkondo, na umeme hugeuka joto lisilo na kazi. Waya ukipata moto, hapo ndipo pesa zako zinapopotelea.

Tatu, weka vijiti vya kuchomelea pakavu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kijiti chenye unyevu huacha vitundu kwenye kiungo, ukalazimika kurudia kazi. Pia kwangua kutu na rangi kwenye chuma kabla ya kuanza.

Nne, ukinunua mashine mpya, fikiria ile ya inveta badala ya transfoma. Ni nyepesi, na nyingi hutumia vyema zaidi ya asilimia 80 ya umeme zinaouvuta.

Nawe mhunzi unayetia ugumu patasi na mashoka, zungushia tanuri matofali na udongo, upashe vyuma kadhaa kwa pamoja, makaa yasiteketee bure.

Fundi, anza leo: zima umeme, kaza kibano, kisha endelea na kazi. Faida ya jasho lako ibaki nyumbani kwako.