Futari ya Nje na Kaimati za Nyumbani



Ndugu zangu vijana, kufuturu mkahawani na marafiki si haramu. Lakini tutazame hali yetu: adhana ya Magharibi inatukuta tukingoja meza, chipsi zachelewa, swala yatupita. Nyumbani nako mama amefunga vilevile, na yuko jikoni tangu alasiri.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba akiwahudumia ahli zake, na ukifika wakati wa swala akitoka kwenda kuswali. Hadithi hii imo katika Sahih al-Bukhari. Basi nyinyi wavulana, haya ya kuingia jikoni ni ya nini?

Anzeni na kaimati. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, maji ya vuguvugu. Upige unga mpaka uvutike, ufunike uumuke kama saa moja. Chota kidogo kidogo, kaanga kwa mafuta mengi, kisha zichovye kwenye shira ya sukari na iliki. Sahani moja mpelekeeni jirani, kwani anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira mfano wa wake.

Wabillahi tawfiq.