Daraja la Mungu na madaraja ya watu

Msikilizaji wa Ibighi hapa Rungwe, Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira unalijua. Lava ilitiririka, ikapoa ikawa mwamba, mto ukajichimbia njia chini yake. Hakuna fundi aliyeligusa, na watu wanapita.

Madaraja ya watu yana habari nyingine. Mwaka 1779, huko Uingereza, Abraham Darby wa Tatu alisimamisha juu ya mto Severn daraja kubwa la kwanza duniani la chuma cha kusubu, lenye upinde unaovuka mita 30 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Uhandisi wa chuma ulikuwa bado mchanga, kwa hiyo vipande viliungwa kiseremala: ulimi ukaingia tunduni, kabari ikagongwa. Mafuriko ya 1795 yaliharibu madaraja mengine ya mto ule, hilo halikutikisika. Mwaka 1934 likafungwa kwa magari, na hadi leo watu wanalivuka kwa miguu.

Kufunga daraja kwa magari ili lidumu ni uamuzi mgumu, nami nauheshimu sana. Rungwe mvua ni nyingi, na mito inashuka milimani kwa kasi. Huku kwetu utepe ukishakatwa, mara nyingi daraja tunalikumbuka tena siku limebebwa na maji, watoto wakiwa wamekwama ng'ambo ya pili na shule iko huku. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na halmashauri wakague nguzo na makalavati kabla ya masika, na bajeti ikibana, fungu la matengenezo lisiwe la kwanza kupunguzwa.