Tiketi ya mama wetu aliyepasuliwa mgongo
(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa mwezi)

Komite imeniomba niseme kidogo juu ya mama wetu aliye Mumbai. Amepasuliwa mgongo, dokta amemruhusu kurudi mwisho wa mwezi. Mezani kuna tiketi mbili. Tofauti yake ni dola 180, na wengi wanasema tuchukue ile ya bei ya chini.

Ile ya bei ya chini naijua. Miaka mitatu iliyopita nilirudi kutoka India na misumari ya chuma ndani ya mgongo, na tiketi ya namna ile nilijichagulia mwenyewe, na akili yangu yote ya chuo kikuu. Kungoja saa kumi na moja, usiku kucha, kwenye viti vya chuma. Kisha kiti cha mstari wa mwisho, karibu na choo, kile ambacho hakilali nyuma hata kidogo. Halafu nikabana pesa tena: kutoka Kigali nikapanda basi. Lami ni nzuri, lakini ndani ya pori la Nyungwe ni kona juu ya kona. Nilifika Rusizi sisimami. Wandugu wawili, wamo humu ndani, njo walinishika kwapa tukavuka daraja mpaka Bukavu. Pesa niliyobana iliishia kwa dawa na kwa mtu wa kine.

Kwa hiyo tusihesabu saa za angani tu. Mumbai mpaka Addis-Abeba ni saa tano na zaidi kidogo, Addis mpaka Kigali hazifiki tatu. Hizo mgongo unazivumilia. Kusimama njiani saa mbili au tatu ni kuzuri hata, juu mtu anatembea na kujinyoosha. Kulala uwanjani njo kunaharibu. Na Kigali mpaka Kamembe iko ndege ndogo, safari fupi sana. Ile tiketi ya pili inafika mpaka pale.

Kiti: kile cha pembeni ya njia, ili asimame bila kuomba ruhusa watu wawili. Karibu na mabawa ndege inatikisika kidogo kuliko nyuma. Mtu wa ajansi anaweza kutuambia tumweke kwenye mlango wa dharura, eti kuna nafasi ya miguu. Hapana. Anayekaa pale lazima aweze kufungua mlango ule mzito. Mtu aliyetoka kupasuliwa wanamhamisha. Mstari wa mbele kabisa nao, mkoba unawekwa juu. Nani atamnyanyulia?

Kiti cha magurudumu hakilipiwi, lakini kinaombwa mapema, saa 48 kabla ya safari kwa uchache. Na tuseme wazi kwamba hawezi kupanda ngazi. Mimi sikusema, nikasukumwa vizuri sana mpaka chini ya ngazi, na pale nikaachwa. Dokta ajaze pia fomu ya afya ya kampuni ya ndege, na aandike barua kwa Kiingereza inayotaja vyuma, maana mashine ya ukaguzi inaweza kulia. Mama amuulize pia juu ya damu kuganda miguuni, kama avae soksi za kubana. Hilo si la kuamuliwa na sisi.

Najua sanduku letu si kubwa, na kuna watoto wa shule wanaongoja. Sisemi dola 180 ni kitu kidogo. Lakini mimi nilikuwa kijana. Mama huyu amepita miaka sitini, na pale darajani hakuna wa kumbeba bila kumuumiza. Naomba tupige kura leo hii, juu ajansi inatushikia nafasi mpaka kesho saa sita za mchana.